Transfoma ya Mwalimu Chepkorir

Sanduku lilifika Molo siku ya mvua, limefungwa kwa mikanda ya plastiki na kuandikwa ubavuni kwa wino mwekundu kwamba lisipinduliwe. Lilikuwa limepinduliwa. Hiram alilipokea langoni, akalikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba ndama aliyezaliwa kwenye baridi, akaliingiza sebuleni na kulitua mezani.

"Limefika, Mwalimu," alisema huku akihema.

"Nimelisikia. Umelitua kama gunia la viazi."

Mwalimu alikuwa mke wake, Chepkorir. Alipofuka angali mdogo baada ya kuugua surua, na sasa alifundisha darasa la watoto wasioona katika shule moja ya msingi pale mjini. Miaka yote ya kazi yake aliwaandikia watoto hao vitabu kwa mkono. Alikuwa na kibao cha chuma chenye matundu, kalamu yenye ncha ya msumari na karatasi ngumu, basi akachoma breli nukta baada ya nukta, ukurasa baada ya ukurasa, hadi kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuvimba na kumnyima usingizi. Habari za mkono huo zilimfikia Lynn, aliyelala naye chumba kimoja chuo cha ualimu na ambaye sasa anafanya kazi katika maktaba ya wasioona huko Ohio. Lynn alikasirika kana kwamba mkono ule ulikuwa wake. Maktaba yao iliponunua mashine mpya, aliiomba ile ya zamani, akaipakia melini.

Ilikuwa printa ya breli. Haina wino. Unaiunganisha na kompyuta, unaitia karatasi ngumu, nayo inaigonga kwa visumari vidogo vingi hadi nukta zitokeze upande wa pili, tayari kwa vidole.

Hiram alikuwa fundi wa mbao, mtu asiyependa kuona chombo kimekaa bila kazi. Aliitoa mashine kwenye sanduku lake, akaipangusa, kisha akachomoa mfukoni adapta aliyoinunua sokoni wiki iliyotangulia, ile ya kugeuza meno bapa ya plagi ya Kimarekani yaingie kwenye soketi yetu. Akaishika plagi, akainama kuelekea ukutani.

"Ngoja," Chepkorir alisema. "Nyuma ya mashine pameandikwa nini?"

"Pameandikwa Kizungu."

"Soma hicho Kizungu."

Hiram alivaa miwani. "Volti mia na ishirini. Hatzi hamsini kwa sitini. Ampea tatu."

"Mia na ishirini. Na huo ukuta unatoa ngapi?"

Hiram aliishusha plagi. Alijua ni ngapi. Msumeno wake wa umeme kule karakana ulikuwa na kibandiko cha volti mia mbili na arobaini, na alikuwa amekisoma mara nyingi kuliko alivyosoma Waraka kwa Warumi. Aliitazama adapta mkononi. Ilikuwa imebadilisha meno tu. Umeme wa ukutani ungepita mle vilevile ulivyo, mara mbili ya kile mashine ilichoweza kumeza.

Akajiondoa pale ukutani polepole.

"Ungeikaanga," alisema Chepkorir. "Mashine imevuka bahari ikiwa nzima, halafu ije kufia sebuleni kwangu mikononi mwa mzee wa kanisa."

Walicheka wote wawili. Hiram akaahidi kwamba atashughulikia.

Lakini hakushughulikia. Mara alikuwa na vitanda vya bweni vya kumalizia. Mara barabara ilikuwa na matope. Mara alisikia kwamba vifaa vya umeme ni vizuri kununuliwa wakati wa kiangazi, ingawa hakuweza kusema amesikia kwa nani. Mashine ikakaa mezani imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na kila alipopita karibu nayo Hiram alitazama pembeni.

"Haraka haraka haina baraka," alimwambia mkewe.

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo," alijibu Chepkorir.

Hiram hakuwa mvivu, wala hakuwa bahili. Kilichomshika miguu ni kitu ambacho hata yeye hakukipa jina. Tangu waoane, yeye ndiye aliyekuwa macho ya Chepkorir kwenye karatasi. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, aliketi karibu na jiko la makaa, akasafisha miwani kwa ncha ya shati na kumsomea: gazeti, riwaya za kuazima, Zaburi, barua za shule, hata maagizo ya nyuma ya mfuko wa mbolea. Kila mhusika alimpa sauti yake. Matapeli wote aliwapa sauti ya dalali wa mnada wa ng'ombe, na Chepkorir alicheka hadi akashika mbavu, ingawa aliisikia sauti hiyo karibu kila wiki. Walioana, yeye Mkikuyu na mkewe Mkalenjin, mwaka ambao watu wa makabila hayo mawili pale Molo hawakuwa wakitazamana usoni kwa uhasama, seuze kuoana. Jioni zile za kwanza, majirani wa pande zote mbili walipopita mbali na lango lao, watu wa vitabuni ndio waliokuwa wageni wao. Binti yao Njoki alizaliwa na kukulia katikati ya sauti hizo, akaenda kufanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na bado Hiram alikuwa anasoma.

Sasa ilikuwa imekuja mashine.

Jumatano moja Chepkorir alishusha kikombe chake akasema, "Jumamosi tunaenda Nakuru. Mimi na wewe. Kama kuna matope, tutavaa gambuti."

Duka la kwanza waliloingia lilikuwa jembamba, limejaa simu na vipaza sauti, na kijana aliyeuza pale aliwalaki kabla hawajavuka kizingiti. Jina lake, alisema, ni Travis.

"Niaje boss. Sasa mathe, karibuni. Leo tuwapee nini?"

"Kitu cha kushusha umeme," alisema Hiram. "Kutoka mia mbili arobaini hadi mia na ishirini."

"Hiyo iko, tena fiti." Travis aliweka kwenye kaunta kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. "Wati elfu moja mia sita, na unaitupa kwa mfuko. Wasee wakitoka majuu, huko Marekani, ndio wanabeba hii."

Moyo wa Hiram ulitulia. Kilikuwa kidogo, kilikuwa chepesi, na wangekuwa nyumbani kabla ya saa ya kukama ng'ombe. Lakini Chepkorir alinyoosha mkono, akakipokea, akakipima kiganjani kama mtu anayepima yai.

"Wati zote hizo zimeingia humu?"

"Ndio, mathe."

"Kinabeba nini?"

"Pasi. Draya ya nywele. Kitu yoyote ya kupasha moto."

"Na printa ya kompyuta?"

Travis alijikuna kisogo. Uongo ulikuwa karibu, lakini akauacha upite. "Printa, hapo siwezi danganya. Hii ni ya vitu za moto tu, inakatakata umeme vibaya. Kitu ya kompyuta itachoma. Endeni kwa Nekoye, hapo juu ukipita duka la mbegu. Mwambieni ni Travis amewatuma."

"Mungu akubariki, kijana wangu," alisema Chepkorir, na alimaanisha.

Nekoye alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, ana vumbi la kazi kwenye kucha na kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Duka lake lilinuka risasi ya kuchomelea. Upande mmoja wa ukuta ulikuwa na rafu za transfoma, ndogo juu, kubwa chini, zile za chini kabisa kama matofali ya chuma yenye mkono wa kubebea. Hiram alimwonyesha picha ya kibandiko aliyoipiga kwa simu, na Nekoye akaisoma huku akitingisha kichwa kwa kuridhika.

"Hamsini kwa sitini. Mko na bahati. Marekani umeme unapiga mara sitini kwa sekunde, huku kwetu hamsini, na transfoma haigusi hiyo. Inashusha volti tu. Ingekuwa imeandikwa sitini peke yake, mota ya kuvuta karatasi ingezunguka kwa uchovu na ningewarudisha nyumbani na hasara yenu." Akaendelea, akipiga hesabu kwa kidole hewani. "Mia na ishirini mara ampea tatu, ni wati mia tatu sitini. Lakini mashine ya kugonga haili kama taa. Imetulia, imetulia, halafu visumari vyote vinaruka pamoja. Ukinunua transfoma ya mia nne itaguna na kupata moto, na siku moja itakuachia moshi. Chukua ya elfu moja. Itafanya kazi bila kutoa jasho."

Maelezo yalikuwa wazi kabisa, na hapo ndipo Hiram alipoanza kuuliza maswali.

"Na radi ikipiga?"

"Radi ikianza, mnachomoa plagi. Hata kwa televisheni ni hivyo."

"Na panya akitafuna waya?"

"Mfuge paka, mzee."

"Na hii swichi hapa nyuma? Mtu akiigusa kwa bahati mbaya?"

Nekoye alisimama kidogo. "Hilo swali liko sawa. Hizi za rafu ya kati zinashusha na kupandisha, na swichi ikigeuzwa umeme unaenda upande mbaya kabisa. Nyumba ambayo mtu anatumia mikono kutafuta vitu, sitawapa hiyo. Nitawapa ya kushusha tu." Akainama kwenye rafu ya chini. "Na umeme wa kwenu ukoje? Uko imara?"

"Uko sawa," alisema Hiram haraka.

"Kuna mashine kubwa karibu nanyi?"

"Uko sawa tu." Akamgeukia mkewe. "Mwalimu, si tufikirie kwanza? Tunaweza kurudi wiki ijayo. Au mwisho wa mwezi."

Chepkorir aliugeuza uso kutoka kwenye sauti ya mumewe. "Tunaenda kunywa chai," alimwambia Nekoye. "Tunarudi leo."

Waliketi kwenye hoteli ndogo iliyo nyuma ya soko, benchi moja, bega kwa bega kama kawaida yao. Hiram alimwekea kikombe mbele, akamgusisha mpini, akamwambia mandazi yako upande wa kushoto. Chepkorir alikunywa kidogo.

"Wewe hutaki hii mashine."

"Nani amesema?"

"Radi. Panya. Swichi. Umeanza lini kuogopa panya?"

Hiram alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nje mtu alikuwa akinadi mitumba kwa kipaza sauti. Hiram alimngoja amalize, kana kwamba ni mazungumzo yao yote watatu.

"Naitaka," alisema mwishowe. "Naitaka kwa sababu ya mkono wako. Naitaka kwa wale watoto. Ila ikishaanza kukuandikia vitabu..." Aliweka kijiko chini. "Jioni mimi nitakuwa nikifanya nini?"

Alitarajia mkewe acheke. Hakucheka. Chepkorir aliutafuta mkono wa mumewe juu ya meza, akaupata, akaushika palipo na sugu za patasi.

"Hiram." Alimwita kwa jina siku za mambo mazito tu, siku nyingine zote alikuwa Fundi. "Unajua ninachotamani? Natamani kurudia sentensi. Sentensi ikiwa tamu, nirudi nyuma niipitie tena, na tena, peke yangu, bila kumwambia mtu hebu soma hapo tena."

"Mimi sijawahi kuchoka kukurudia."

"Umechoka mara nyingi. Unapumua kwa pua. Tena kuna kurasa unaziruka."

"Kurasa gani? Mimi?"

"Mahali wale wawili wanapobaki peke yao chumbani. Unakohoa, halafu nasikia karatasi mbili zinageuka pamoja. Karatasi mbili zina sauti yake, Fundi. Mara hiyo kumekucha, wamevaa nguo, wanakunywa uji. Nimeolewa na mzee wa kanisa, nimevumilia."

Masikio ya Hiram yaliwaka. Mhudumu alikuwa akipita na sahani, na kwa hakika alikuwa amesikia, maana alikaza midomo. Hiram alijaribu kujitetea, akashindwa, akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya avue miwani ili aifute. Chepkorir naye akaangua kicheko, na kwa kitambo wazee hao wawili walitikisa benchi lote.

"Na jambo lingine," alisema alipopata pumzi, kwa sauti ya chini zaidi. "Ile mashine inagonga tu. Haina koo. Nani atanifanyia dalali?"

Hiram alivuta sahani ya mandazi. Alikula andazi lake, kisha akala na lile la mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu sanduku lifike.

Waliporudi dukani, Nekoye alikuwa amezitoa transfoma mbili za kushusha, zote za wati elfu moja, za watengenezaji tofauti. Kwa nje zilifanana kama pacha.

"Ziwashe," alisema Chepkorir. "Lakini zipe mzigo. Kitu bila mzigo kila mtu anakisifu."

Nekoye alifurahi. Alikuwa na sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya Kimarekani, ambayo mteja aliileta kutengenezwa. Aliitia maji, akaichomeka kwenye transfoma ya kwanza. Transfoma ikaanza kunguruma. Chepkorir aliinama karibu, akageuza sikio.

"Huyu anasaga meno."

"Bati zake za ndani hazijabanwa vizuri," Nekoye alikubali. "Sauti hiyo wengi hawaisikii."

Ya pili ilikuwa na mvumo wa chini, wa sawasawa, kama mtu mzima anayeimba besi kanisani bila kutaka kusikika. Waliiacha ifanye kazi hadi maji yakachemka. Chepkorir aliweka kiganja juu ya kasha lake, akakiacha hapo. Lilikuwa vuguvugu tu. Hiram naye, ambaye sasa alikuwa amekunja mikono ya shati, aliishika soketi na kuitikisa kama anavyotikisa mguu wa kiti kabla ya kukitoa karakana. Ilikuwa imara. Akachungulia matundu, akaona lile la tatu, la kupeleka umeme mbaya ardhini, akauliza kama kweli limeunganishwa ndani au ni pambo. Nekoye alifungua skrubu akamwonyesha waya wa kijani na manjano.

"Hii," alisema Hiram. Alilisema kabla ya mkewe.

Aliibeba mwenyewe. Ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia, na kila walipopumzika njiani Chepkorir alimkumbusha kwamba ile ya Travis ingeingia mfukoni.

Nyumbani waliiweka transfoma chini ya meza, mashine juu, kompyuta ya Chepkorir pembeni. Chepkorir aliandika sentensi moja, akabonyeza kitufe. Printa ilifyatuka kwa kelele kama ya mabati yakinyeshewa mvua ya mawe. Kuku walikimbia kutoka barazani. Karatasi ikatoka, Chepkorir akaipitisha kidole, uso ukachanua.

"Umeandika nini?" Hiram aliuliza.

"Fundi anaogopa panya."

Jumapili yote baada ya ibada walicheza na mashine kama watoto. Lakini Jumanne, saa za mchana, Chepkorir akitoa ukurasa wa kwanza wa hadithi ya watoto wake, mlio ulibadilika. Ukapwaya. Ukakwama. Ukaendelea kwa shida, kisha mashine ikanyamaza katikati ya mstari. Hiram alikuja mbio kutoka karakana, vumbi la mbao kwenye nyusi.

Chepkorir alikuwa ameshika ukurasa. "Nukta zimelala," alisema. "Zile za juu zimesimama vizuri. Hizi za chini ni kama zimechoka. Mtoto anayejifunza hawezi kuzisoma." Kisha, polepole: "Labda ni mashine yenyewe. Imezeeka. Ilikuwa ya bure."

Hiram aliona jinsi alivyoikunja ile karatasi, kwa uangalifu, ukingo kwa ukingo, kama mtu anayekunja nguo ya msiba. Kama angeulizwa mwezi uliopita, angedhani siku kama hiyo ingempa nafuu ya siri. Haikumpa. Kilichompanda kifuani kilikuwa hasira, hasira ya fundi aliyekabidhiwa kazi ikavunjika mbele ya mwenyewe.

Alipiga magoti, akagusa transfoma. Vuguvugu, basi. Mvumo wake ulikuwa uleule. Alisimama akafikiri. Ndipo akakumbuka kwamba msumeno wake nao hulegea saa kama hizo, naye siku zote huulaumu ubao. Alitega sikio. Juu ya kilima kisiagi cha Kipkorir kilikuwa kinasaga mahindi, kinavuma hadi bondeni. Hiram aliwasha taa ya sebuleni, akaitazama. Ilikuwa na wekundu kidogo, kama jicho la mtu mwenye usingizi.

Alipanda kilima bila hata kuvua aproni. Kipkorir, mwenye kisiagi, alikuwa ametoka ukoo mmoja na Chepkorir, na alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kofia hadi viatu.

"Chamgei, shemeji!" alimsalimu kwa Kikalenjin. "Umekuja kusaga bila gunia?"

"Shemeji, kisiagi chako kinakula umeme wangu," Hiram alisema, na akamweleza habari za mashine, transfoma na nukta zilizolala.

Kipkorir hakungoja amalize. Alinyoosha mkono, akavuta wenzo wa swichi, na kimya kikaangukia kilima chote. "Mwalimu amenifundishia mpwa wangu kusoma," alisema. "Mwambie aandike. Nitasaga akimaliza."

Hiram alitazama foleni. Akina mama walikuwa na debe zao za mahindi, mmoja ana mtoto mgongoni, wote wametulia na kumtazama yeye.

"Hapana, utawasha tu," alisema. "Watu lazima wale ugali. Nipe dakika chache tu za kuhakikisha, kisha nitatafuta dawa yenyewe."

Alishuka mbio. Taa ilikuwa nyeupe. "Jaribu sasa," alimwambia mkewe. Nukta zikasimama wima kama askari. Kisha kisiagi kikarudi kuvuma, na zikaanza kulala tena.

Alimpigia Nekoye.

"Nilikuuliza kuhusu umeme, mzee," alisema Nekoye.

"Uliniuliza."

"Ukasema uko sawa."

"Nilisema." Hiram aliitazama transfoma. "Siku hiyo nilikuwa nataka kwenda nyumbani."

Nekoye alicheka bila ubaya. "Transfoma haiumbi umeme. Inagawa tu ilichopewa. Ukuta ukishuka hadi mia moja na themanini, mashine inapata tisini, na tisini haitoshi kugonga. Weka stabilaiza mbele, kati ya ukuta na transfoma. Umeme ukishuka inaunyanyua, ukipanda inaushusha. Ninazo hapa."

Asubuhi iliyofuata Hiram aliazima pikapu ya Kipkorir akaenda Nakuru peke yake. Vitanda vya bweni vilingoja. Mkewe alimsikia akipiga mluzi wakati wa kuwasha gari, akajua kwamba hakuhitaji kuambatana naye.

Stabilaiza ilipofungwa, ilikuwa na tabia moja iliyomchekesha Chepkorir: kila kisiagi kilipoanza, ilitoa mlio mdogo, tik, ikajirekebisha, na printa ikaendelea bila kuyumba. "Kipkorir ameanza kusaga," alisema huku akiendelea kuchapa. Hiram alikata vipande vya tairi kuukuu, akaviweka chini ya miguu ya meza ili kelele isitikise nyumba. Kuku wakarudi barazani, mmoja mmoja.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelifikiria sawasawa. Mashine inachapa kilichomo ndani ya kompyuta, na vitabu ambavyo Chepkorir aliwatakia watoto wake vilikuwa kwenye karatasi, vimepauka, vimekunjwa pembe. Ilibidi mtu aviingize. Basi jioni, vyombo vikishaoshwa, Hiram aliketi karibu na jiko, akasafisha miwani, akasoma kwa sauti, na Chepkorir akaandika kwenye kompyuta iliyomtamkia kila herufi. Waligombana kuhusu koma. Waligombana kama jina la kijiji cha hadithini lina herufi moja au mbili. Hiram alipomfanya fisi kwa sauti ya dalali, Chepkorir alicheka akakosea mstari mzima na kumlaumu yeye.

"Soma kama mtu," alisema.

"Nasoma kama fisi. Imeandikwa fisi."

Jioni hizo zilikuwa ndefu kuliko zile za zamani.

Kitabu cha kwanza kilipokamilika, Hiram alichonga majalada ya mbao nyembamba, akayapiga msasa hadi yakawa laini kama shavu, akazifungia humo nakala za watoto wote kwa kamba ya katani. Alizibeba hadi shuleni ndani ya kikapu. Darasa la Chepkorir lilikuwa na desturi moja iliyokuwa ikimuumiza: kitabu kimoja katikati ya meza na watoto wamekizunguka, vidole vikisukumana, wenye nguvu wakianza na wanyonge wakingoja. Siku hiyo kila mtoto aliwekewa nakala mbele yake. Kukasikika mnong'ono wa vidole juu ya karatasi ngumu, kama mvua ndogo inayokuja kutoka mbali.

Jepkemei, msichana ambaye siku zote alikuwa wa mwisho kufikiwa na kitabu, alikuwa hajafungua chake. Alikuwa anapapasa jalada.

"Mwalimu, hiki ni cha nani?"

"Chako."

"Nirudishe lini?"

"Hurudishi."

Msichana alifikiri juu ya hilo. Kisha akakichukua kitabu, akakiingiza ndani ya sweta, akavuta zipu hadi shingoni, akakaa wima. Chepkorir alimwambia, kwa upole, kwamba ni vizuri akisome kwanza. Jepkemei alisema atakisoma nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna bibi yake na bibi hajawahi kusomewa kitu. Chepkorir akapeleka mkono usoni kama mtu anayefuta vumbi.

"Mwalimu," mtoto mwingine aliuliza kutoka nyuma, "kingine kitakuwa tayari lini?"

Hiram, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi, ndiye aliyejibu.

"Mwisho wa mwezi," alisema. "Kina simba. Mtapenda simba wangu."

Akavaa kofia yake na kuondoka kwenda kukata mbao za majalada kabla mvua haijaanza.